Futi Nane

Lorna Tarlow alikuwa na neno moja la kusema, na alikuwa amelikalia wiki tisa. Kila Jumanne na kila Ijumaa jioni Elliot Holroyd alipanda kwenye Vesta, boti ya Lorna, ramani kwapani, akavua viatu mlangoni, akaitandaza ile ramani mezani, na Lorna akajiambia kwamba leo ndiyo leo. Kisha Elliot akivuta kiti karibu, bega lake likigusa la Lorna, nywele zake zikinukia mbao alizoranda kutwa, neno lilirudi tumboni lilikotoka. Wapo watu ambao mapenzi huwafungua midomo. Lorna yalimfunga.

Jumapili hii ramani ilitandazwa mapema, kabla hata nyama haijatoka jikoni, na safari hii mezani kulikuwa na mtu wa tatu. Bi Enid, mama yake Lorna, alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja. Alizaliwa kwenye boti ya makaa, akaolewa kwenye boti ya makaa, na sasa, kwa ajili ya magoti tu, aliishi katika kanyumba ka mawe kando ya lango la sita, la mwisho kati ya vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha boti za mfereji, juu kule kilimani. Watu waliozaliwa nchi kavu aliwavumilia kama mtu anavyovumilia mvua.

"Haya, kijana," alisema Bi Enid, akiweka miwani puani. "Nasikia unamhamisha mwanangu. Unampeleka wapi, na kwa njia gani?"

"Skipton, Bi Enid. Kwetu."

"Skipton napajua. Nimeuliza njia."

Elliot akatoa uzi mwekundu mfukoni, akaanza kuulaza juu ya ramani taratibu, akiukunja kila mfereji ulipopinda. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya fundi seremala, na Lorna aliipenda kwa namna ilivyokuwa mipole juu ya karatasi. Akageuza uso, akajifanya anaangalia viazi.

"Tunatoka hapa Braunston, tunapanda malango sita, tunapita handaki. Tunashuka Foxton, tunaingia mto Soar, kisha mto Trent. Hapa," akabonyeza kidole, "Trent inaanza kupwa na kujaa kama bahari. Tumepangiwa kuvuka tarehe mbili Juni, maji yakiwa upande wetu. Tunatoka mtoni Keadby, tunashika mfereji wa Thorne, Leeds, halafu tunapanda mpaka nyumbani. Siku ishirini na nne, tukipumzika Jumapili."

"Madaraja umeyapima?"

"Yote. Bomba la moshi la Vesta tutalitoa mara nne."

"Upana?"

"Upana hauna shida kokote."

"Kina?"

"Vesta inazama futi mbili na nusu. Mahali padogo kabisa pana futi tatu na nusu."

"Nanga unayo?"

"Mpya, na mnyororo wake."

Bi Enid akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ameuliza kila kitu isipokuwa kimoja, na alipomaliza hakumtazama Elliot. Alimtazama binti yake. Lorna alilijua lile jicho tangu utotoni. Ni jicho linalosema nimekuona, na ninakupa nafasi.

"Lorna," alisema mama, "wewe mwenye boti huna la kuongeza?"

Sufuria ya mchuzi ilikuwa mkononi mwa Lorna, na ilikuwa nzito.

"Sina, mama," alisema Lorna. "Leteni sahani."

Lazima tuseme ukweli juu ya Vesta, maana yote yaliyotokea yalitokea kwa sababu yake. Ilikuwa boti ndefu ya chuma ya futi sabini, na upana wake usingetosha kitanda cha watu wawili kulazwa kwa upande pakabaki pa kupita. Baba yake Lorna aliibebea makaa maisha yake yote, na alipokufa, miaka minne iliyopita, hakuacha kingine. Lorna alilala pale, akapika pale, na pale ndipo alipochorea maua ya waridi kwenye mabirika na ndoo za watu wa boti, kazi iliyomweka mjini. Kwa hiyo baba yake Elliot alipoanza kupoteza macho, na karakana yao ya Skipton ikahitaji mtu mwenye macho, Elliot alimjia Lorna na sentensi aliyokuwa ameipanga njia nzima: "Sitakuomba uiache boti ya baba yako. Tutaenda nayo." Siku ile Lorna alilia kwa furaha. Kesho yake Elliot akaja na uzi.

Walikula. Nyama ya kuokwa ilikuwa laini, kabichi ilikuwa imeiva kupita kiasi kama anavyopenda Bi Enid, na kwa dakika kumi Lorna alidhani kwamba hatari imepita. Kisha Elliot akaweka uma chini.

"Nina jambo," alisema, akimtazama Lorna kwa uso wa mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Nilitaka kukwambia mkiwa wote wawili. Pippin imepata mnunuzi."

Pippin ilikuwa boti yake, ndogo ya futi arobaini na nane, makao yake tangu alipokuja kufanya kazi huku miaka miwili iliyopita.

"Mwalimu mmoja wa Daventry," aliendelea. "Kesho saa tatu anakuja kutia sahihi. Nikasema, boti mbili za nini? Sisi tutakuwa na moja. Nahamia Vesta kesho mchana, kama mwenye nyumba ataniruhusu."

Alicheka. Lorna hakuweza kucheka. Aliona kesho saa tatu ikija, akaona kalamu mkononi mwa Elliot.

"Usiiuze," alisema Bi Enid.

"Samahani?"

"Nimesema usiiuze hiyo boti yako. Kijana, Vesta ina futi ngapi?"

"Sabini."

"Na lango la Thorne lina futi ngapi?"

Elliot akatabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani. Akaufikia mfuko wake, akatoa kitabu cha njia kilichojaa vipande vya karatasi, akapekua. Huku Braunston na kusini yote, kila lango linameza futi sabini bila kutafuna. Mtu akijifunzia maji huku huuliza upana, huuliza kina, huuliza daraja. Urefu haumjii akilini, kama vile hatuulizi kama mlango wa kanisa utatutosha.

"Sitini na mbili kasoro," alisoma, kwa sauti ya chini.

"Na ukiikwepa Thorne ukazunguka kwingine, kutoka Leeds kupanda kwenu ni sitini na mbili, lango baada ya lango. Vesta imezidi futi nane. Utaikunja?"

"Mama, inatosha," alisema Lorna.

"Haijatosha. Marehemu mume wangu alijaribu, kabla huyu hajazaliwa. Alifika Thorne akaingiza pua, mkia ukabaki nje. Pa kugeuzia hakuna. Tulirudi kinyumenyume hadi Keadby, siku nzima, mimi nikiivuta kwa kamba kandoni na watu wa nchi kavu wakitupigia makofi. Hadithi hiyo tunaisimulia kila Krismasi. Lorna akiwa na miaka saba aliweza kuiigiza, na sauti ya baba yake akilaani."

Elliot alifunga kitabu. Akakiweka juu ya ramani, sawasawa, kana kwamba kukiweka upande kungevunja kitu. Halafu akageuka.

"Kila Krismasi?" alimuuliza Lorna.

"Elliot..."

"Ulijua?"

Jiko la makaa lilitoa mlio mdogo. Lorna aliangalia mikono yake, akaona rangi nyekundu ya waridi chini ya kucha.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Ulipoulaza uzi, ukapita Thorne."

"Wiki tisa," alisema Elliot. Hakupaza sauti, na Lorna alitamani angepaza. "Wiki tisa unanimiminia chai. Nakuuliza daraja hili vipi, unasema litatosha. Nakuuliza tulale wapi Leicester, unanichagulia mahali penye miti. Ulikuwa unafanya nini, Lorna? Unanicheka?"

"Sijawahi kukucheka hata siku moja."

"Basi nini?"

"Ulikuwa na furaha sana."

"Furaha ya mjinga aliyefungwa macho. Hiyo ndiyo uliyonitakia?"

"Njia ya mwongo fupi," alisema Bi Enid kwenye sahani yake. "Fupi kuliko Vesta."

"Bi Enid, kwa heshima zote, hii sasa si yako." Elliot alisimama, akagonga kichwa kwenye dari kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyetabasamu. Akavuta pumzi. "Sawa. Tusipoteze muda. Zipo karakana zinazofupisha boti. Wanakata katikati, wanatoa futi nane, wanaunga. Nimeona kazi yao, hujui hata palipokatwa."

"Kata mguu wako kwanza," alisema Bi Enid, "tuje tuone ulivyoungwa."

"Simwulizi mama. Nakuuliza wewe." Macho yake yalikuwa ya kijivu na yalikuwa yamelowa, na hayakumwacha Lorna. "Tuikate? Sema ndiyo. Au sema hapana, sema hapana tu, Vesta inabaki, tupande Pippin sisi wawili tukabanane humo. Au sema huji. Lolote. Ila sema."

Neno lilikuwepo, lakini Lorna alimwona baba yake kwenye ule mlango wa nyuma, kofia kisogoni, akipangusa shaba kwa kitambaa. Aliona na msumeno ukipita katikati ya ubavu wa boti hiyo. Akaona pia kitanda bila Elliot. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja, na kimoja hakikumpisha kingine.

Elliot alisubiri muda mrefu kuliko wanaume wengi wangesubiri. Kisha akaanza kuuviringisha uzi mwekundu kwenye kidole, taratibu, kutoka Skipton kurudi Braunston.

"Nitampigia yule mwalimu, nimwambie siuzi," alisema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi naondoka na Pippin. Baba anajikata vidole pale karakana, anapapasa msumeno kwa mkono. Siwezi kungoja watu wajifunze kuongea."

"Malango sita peke yako?" lilimtoka Lorna. Kati ya maneno yote duniani, hilo ndilo lililopata njia.

"Wapo wanaofanya."

Alivaa viatu bila kuvifunga, akaenda. Boti ilitikisika alipokanyaga ukingo, ikatulia.

Bi Enid alianza kukusanya sahani. Lorna hakumsaidia.

"Umefurahi?"

"Nilikupa nafasi, mwanangu. Nilikuuliza mbele yake. Kesho angeuza paa lake, halafu?"

"Ulitaka aondoke."

"Nilitaka," alisema mama, bila haya. "Nani atakayependa mwanawe apelekwe kaskazini na mtu anayegonga kichwa kila akisimama? Nawe utaiacha Vesta ioze hapa? Boti ya baba yako?"

"Baba amekufa, mama."

Miaka minne, hakuna aliyewahi kulisema hivyo ndani ya boti ile. Ilikuwa "baba hayupo", au "tangu baba". Bi Enid aliiweka sahani ndani ya maji, akakausha mikono kidole kimoja kimoja, akachukua koti lake, akapanda kilima kwenda kwake bila kuaga.

Alfajiri ya Mei huja mapema. Saa kumi na moja Lorna alikuwa ameketi kitandani na nguo zake za jana, akisikiliza. Zilikuwa boti ishirini zimefungwa kandoni, na injini ya kila moja aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Pippin ilikohoa mara mbili, ikashika.

Alifikiri angelia. Badala yake miguu ikasimama.

Watu wa maji wana desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Boti ikipanda malango, mmoja wa waliomo hushuka na kutangulia kwa baiskeli kandoni, akalitoe maji lango linalofuata na kufungua mlango wake, ili boti ikifika iingie moja kwa moja bila kusimama. Asiye na wa kumtangulia hufunga kamba, hupanda ngazi, hutoa maji, hufungua, hushuka, hufungua kamba; nusu saa kila lango, na maumivu ya mgongo juu yake. Humtangulii mtu ovyo. Unamtangulia wa kwenu.

Lorna alichomeka kwenye mkanda hendeli ya malango, kile chuma cha kuzungushia vizibo vya maji, akatia kopo la brashi zake kwenye kikapu cha baiskeli bila kujua kwa nini, akafunga mlango wa Vesta. Alisimama kidogo, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti. Chuma kilikuwa baridi na chenye umande. Kisha akapanda baiskeli.

Lango la kwanza lilikuwa limejaa. Alizungusha hendeli, vizibo vikapanda, maji yakatoka kwa ngurumo chini. Akaegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya mlango na kuusukuma hadi ukafunguka wote. Pippin ilikuwa inakata kona. Hakungoja. Alipofika la pili aligeuka kutazama: Elliot alikuwa amepunguza mwendo mbele ya lango lililo wazi, kamba tayari mkononi, akitazama kushoto na kulia. Akaiweka kamba chini, akaingia.

La pili, akafungua. La tatu, karibu na baa, akafungua, na hapo Elliot akainua uso akamwona. Zilikuwa kama hatua mia mbili kati yao. Hakupunga mkono, wala Lorna hakupunga. Alimtazama tu, mkono mmoja kwenye usukani, na Lorna akahisi lile jicho likimshika kifuani na kumfuata kila alipoinama na kuzungusha. La nne. La tano. Jasho likamwingia machoni, na njia nzima alikuwa akikusanya maneno na kuyapoteza.

Alipofika la sita, la mwisho, alishuka baiskeli akabaki ameduwaa. Lango lilikuwa tupu, mlango wa chini uko wazi.

Kwenye boriti alikuwa amekaa Bi Enid, koti la baridi juu ya nguo ya kulalia, viatu vya ndani vimelowa umande, na mapajani ameweka hendeli ya zamani ya marehemu mumewe.

"Umechelewa," alisema.

"Mama, magoti yako."

"Magoti ni yangu."

Lorna akakaa kando yake. Chini kule injini ya Pippin ilikuwa inakuja.

"Nilidhani humtaki."

"Simtaki. Hajui hata kufunga fundo linaloeleweka." Bi Enid aliigeuza ile hendeli mikononi. "Lakini nilipofika nyumbani jana nikafikiri. Mtu amekaa wiki tisa anapima madaraja ili wewe usiache boti ya baba yako. Baba yako hakunifanyia hivyo. Alikuja Jumamosi moja, akasimamisha kandoni, akasema, Enid, panda. Nikaiacha boti ya baba yangu, nikamwacha mama yangu analia. Nilibeba hendeli na ndege wangu kwenye kizimba. Sisi wanawake wa maji wote tumetoka hivyo, na mimi jana nakaa pale kama mtu aliyesahau."

"Ulijuta?"

"Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine nilikuwa na kazi."

Lorna akacheka, na kicheko kikageuka njiani, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Na Vesta?"

"Boti isiyolaliwa huoza. Nitailala mimi. Miaka minne niko ndani ya nyumba hii, sijazoea kitanda kisichotikisika." Akamwangalia binti yake. "Ila kamwambie. Kwa mdomo. Kumfungulia malango siyo kusema. Asije akadhani unamsindikiza."

Pippin iliingia langoni. Chumba cha lango kilikuwa na kina kirefu, kuta zake nyeusi zikitiririsha maji, na Elliot alikuwa chini kabisa, uso juu. Lorna alifunga mlango nyuma yake. Mama akashika kizibo cha upande mmoja, yeye wa pili, wakazungusha, maji yakaanza kuingia, na boti ikaanza kupanda.

"Asante kwa malango," alisema Elliot kutoka chini. Ilikuwa sauti anayompa mtu baki.

"Elliot, nina neno."

"Unahitaji wiki tisa nyingine?"

"Nahitaji mpaka maji yajae." Alipiga magoti kwenye jiwe la ukingo. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikusema kwa sababu nikisema utakunja ramani, na ukiikunja utaniuliza nachagua wewe au Vesta, na nilikuwa sina jibu. Nilitaka Jumanne ifike tena. Ndivyo tu. Nilizila siku zako nikijua ni zako. Nisamehe."

Elliot alikuwa amepanda hadi mabega yake yalipolingana na ukingo. Lorna aliona kwamba hakunyoa, na kwamba hakulala.

"Na sasa unalo jibu?"

"Ninalo. Vesta inabaki, haikatwi. Mimi naenda. Kama bado kuna nafasi."

"Sikutaka uiache," alisema, na ule ubaridi ukapasuka katikati. "Hilo ndilo lililoniuma usiku kucha. Nilipima kila kitu ili usiiache."

"Najua. Hukuniomba. Naiacha mwenyewe."

"Tukifika Leicester utalia."

"Nitalia hata kabla. Uniache nilie."

Maji yalikuwa yamekaribia kujaa. Nyuso zao zilikuwa sawa sasa, mkono mmoja tu kati yao, na hakuna aliyeunyoosha.

"Kuna lingine?" aliuliza Elliot. "Kama lipo, liseme hapa. Sitaki kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya baba yangu, wala kutoka kwa mama yako mezani."

Lorna alimgeukia mama yake. Bi Enid alikuwa anachunguza mawingu.

"Lipo moja."

Taya la Elliot likakaza. "Sema."

"Sijui kuogelea."

Alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Umezaliwa kwenye boti."

"Mama naye hajui. Baba hakujua. Sisi hatuingii majini, tunakaa juu yake. Na ule mto wako wa kupwa na kujaa, Elliot, nauogopa."

Elliot alimgeukia Bi Enid.

"Usiniangalie mimi," alisema Bi Enid. "Miaka sabini na moja sijazama."

Ndipo Elliot akacheka. Alicheka akishika usukani kwa mikono miwili, mpaka akainamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa yamelowa tena. Akarudi mlangoni mwa Pippin. Yalikuwepo majaketi mawili ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, yakining'inia kwenye msumari mmoja; jana alipoondoka kwa hasira, na usiku alipokuwa anafunga mizigo, la pili hakuliondoa. Akalileta, akamnyooshea.

"Utalivaa kuanzia sasa hivi," alisema. "Hata ukiwa unakula."

"Hata nikiwa nalala?"

"Hilo tutajadili."

"Nasikia," alisema Bi Enid.

Waliufungua mlango wa juu. Mbele yao mfereji ulinyooka hadi kwenye mdomo wa handaki, na kinjia cha kandoni kilikuwa kinaishia pale pale, maana ndani ya mlima hakuna pa kukanyaga. Asiye ndani ya boti hapiti. Lorna alilivaa lile jaketi. Elliot akaipokea baiskeli, akailaza juu ya paa, akalipokea kopo la brashi, kisha akaupokea mkono wa Lorna na hakuuachia hata alipokuwa amekwisha kupanda.

"Nguo nitakutumia kwa posta," alisema mama.

"Mama..."

"Nenda. Mtazuia boti za watu."

Elliot alisogea, akamwachia nafasi usukanini. Pippin ikatoka langoni, polepole, na baridi ya handaki ikaanza kuwagusa nyuso. Lorna alitaka kugeuka, akajizuia, kisha akageuka. Bi Enid hakuwa anapunga mkono. Alikuwa ameegemeza mgongo kwenye boriti, na viatu vyake vya ndani vimekita kwenye jiwe, anafunga milango nyuma yao.